Paneli ya AC ya gari imezimika au inachezacheza: maswali kuhusu kubadilisha kapasita

Haya ni maswali yanayorudi mezani kila mara, kutoka kwa wenye magari wa Tabora mjini na wale wanaotuma bodi (kibao cha umeme cha ndani ya paneli) kwa basi kutoka Nzega, Urambo na Kaliua. Yanahusu paneli ya AC ya kidijitali, ile yenye namba za joto na kitufe cha AUTO, hasa kwenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1990. Mengine yanamfaa mwenye gari tu, mengine ni ya anayeshika chuma cha kulehemu mwenyewe.

## Kabla ya kufungua chochote

Fundi, AC yangu haipoozi. Ni kapasita?

Mara nyingi hapana. Kama namba zinaonekana vizuri, vitufe vinaitika na feni inabadilika kasi unavyotaka, lakini hewa inatoka ya moto, acha paneli ipumzike. Fungua boneti. Gesi imepungua, kondensa (redieta ya AC iliyo mbele) imeziba, feni ya mbele haizunguki, au klachi ya kompresa haishiki. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi kuanzia Juni hadi Oktoba aanze na kondensa: ioshe kwa maji yasiyo na presha kali, ndipo uzungumze na fundi gesi.

Kapasita, vikopo vidogo vya kutuliza umeme kwenye bodi, hushukiwa pale ambapo paneli yenyewe ina tabia mbaya. Nimeona watu wakijaza gesi mara mbili kwenye gari ambalo paneli yake haikuwa ikituma hata amri ya kuwasha kompresa. Gesi ilikuwa imejaa muda wote.

Dalili za kapasita mbovu ni zipi hasa?

Iliyo wazi kuliko zote ni paneli inayogoma asubuhi ya baridi na kuzinduka baada ya gari kupata moto. Asubuhi za Juni na Julai ndipo wengi huja nayo. Kapasita iliyoanza kukauka hupoteza uwezo zaidi ikiwa baridi, kisha joto la dashibodi linairudishia nguvu kidogo, na mwenye gari anaridhika hadi kesho yake.

Nyingine ni namba kufifia na kurudi, feni kupanda na kushuka bila kuguswa, paneli kusahau ulichochagua kila ukizima gari, na milango ya hewa ndani ya dashibodi kugonga “tik tik tik” bila kutulia. Kuna pia kitufe kimoja kufanya kazi ya kingine. Hiyo ya mwisho inaashiria kwamba majimaji ya kapasita yamemwagika na yanapitisha umeme kati ya njia zisizopaswa kukutana. Ukifika hapo usikawie, maana kila siku inayopita shaba inaliwa.

Taa ya kitufe cha A/C inapepesa. Ndiyo hiyo?

Kwenye Toyota nyingi taa hiyo ikipepesa, kompyuta ya AC imeona kompresa haizunguki sawasawa na injini, ikaizima makusudi isikate mkanda. Kagua mkanda, kihisi cha kompresa na waya wake. Paneli inafanya kazi yake vizuri hapo.

Feni inafanya kazi kasi ya juu tu.

Ni rezista au transista ya feni (kidhibiti cha kasi yake), iliyokaa karibu na mota ya feni, kwa kawaida nyuma ya droo ya abiria. Ukiona kasi zote nyingine zimekufa na ya juu kabisa ipo, anza huko.

Usiku namba hazionekani kabisa, mchana zinaonekana kwa shida.

Chukua tochi ya simu uimulike paneli kwa ubavu. Kama namba zipo ila hazina mwanga, ni balbu ndogo za nyuma ya kioo zimeungua. Kioo cha aina hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Kama hata kwa tochi hakuna kitu, basi umeme hauifikii sehemu ya kioo, na kapasita zinaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna namna ya kuliuliza gari lenyewe kabla sijalipa mtu?

Ipo, na ni bure. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, zima swichi. Bonyeza AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, na ukiwa umevishikilia, geuza swichi hadi ON. Taa zote za paneli na namba zote zitawaka na kuzimika mara 4, kisha zitafuata namba za hitilafu. 00 maana yake mfumo haujaona ubaya. 11 ni kihisi cha joto la ndani, 12 cha joto la nje, 13 cha kwenye evapareta (kipoozea hewa cha ndani ya dashibodi), 21 cha jua. Bonyeza OFF kutoka.

Angalia mambo mawili. Kwanza, ule mwako wa mara 4 wenyewe ni kipimo: ukiona kipande cha namba kimekosekana au taa ya kitufe imekaa kimya, umeshapata pa kuanzia. Pili, kama gari liko chini ya mwembe au ndani ya gereji, 21 itatokea hata kihisi kikiwa kizima, kwa sababu hakijaona jua. Lipeleke gari uwanjani upime tena. Kuna aliyenunua kihisi cha jua kwa ajili ya kivuli.

Paneli ikishindwa hata kuingia kwenye jaribio hili, au ikiingia kwa kubahatisha, mashaka juu ya kapasita yanaongezeka sana.

Gari yangu ina vifundo vya kuzungusha tu, haina namba. Maswali haya yananihusu?

Kwa sehemu kubwa hapana. Paneli nyingi za vifundo zinavuta milango ya hewa kwa kebo na kuchagua kasi ya feni kwa swichi ya kawaida. Soma jibu la feni hapo juu, na la AC isiyopooza.

## Kwa nini kapasita, na kwa nini magari haya

Kapasita inafanya nini humo ndani?

Umeme wa gari hautulii. Injini ikiwa imezimwa betri nzima ina volti 12.6 hivi, ikiwaka, oltaneta inapandisha hadi karibu 14, na kila unapopiga honi au kuwasha taa unayumba. Bodi ya paneli inataka volti 5 zisizotikisika. Kapasita ni kama simtanki juu ya paa: mgao ukija na kukatika, bombani maji yanatoka kwa nguvu ileile. Simtanki likitoboka, kila yumbo la umeme linafika moja kwa moja kwenye kichwa cha paneli, nacho kinachanganyikiwa au kujizima.

Mbona magari ya miaka ya 1990 ndiyo yanalia zaidi?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilianza kutumia kapasita ndogo za kulehemu juu ya bodi, vikopo vya alumini vyenye urefu wa milimita chache. Majimaji ya baadhi yao yalitengenezwa kwa chumvi za amonia za aina fulani. Yalikuwa na uwezo mzuri wa umeme, lakini yalishambulia kizibo cha mpira upande wa hasi na kutoka nje polepole. Ndiyo maana ugonjwa huu unajulikana duniani kote kwenye Lexus LS400 za kwanza na Nissan Skyline R32, na huku kwetu tunauona kwenye Mark II, Chaser, Cresta na Crown za umri huo.

Joto linamalizia kazi. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, umri wa kapasita unapungua kwa nusu hivi. Fikiria sasa gari lililoegeshwa kutwa nzima kwenye jua la Oktoba, vioo vimefungwa, dashibodi nyeusi.

Nimefungua, kapasita hazijavimba hata moja. Bado nizishuku?

Ndiyo. Kuvimba juu ni tabia ya kapasita kubwa za kompyuta na TV. Hizi ndogo huvujia chini, mahali usipopaona. Tafuta risasi ya kulehemu iliyopoteza mng’ao na kuwa ya kijivu kwenye miguu, rangi ya bodi iliyogeuka kahawia au kijani kuzunguka kikopo, au unyevu kama mafuta. Ukigusa mguu kwa chuma cha moto na ikatoka harufu kali ya samaki, hakuna haja ya mita tena.

Kwa zisizoonyesha alama, kipimo cha ESR, yaani cha upinzani wa ndani wa kapasita, ndicho kinasema kweli zaidi kuliko multimita ya kawaida. Kapasita inaweza kusoma mikrofaradi (uwezo wake wa kuhifadhi umeme) sahihi huku upinzani wake wa ndani umepanda mara nyingi. Kama huna kipimo hicho, badilisha zote. Bodi ya namna hii huwa nazo chache, na kuifungua tena mwezi ujao kwa ajili ya moja uliyoihurumia ni kazi ya kujitakia.

Nimeambiwa Kariakoo kuna paneli ya mtumba. Si rahisi zaidi kuiagiza?

Rahisi kwa wiki ya kwanza. Paneli hiyo imetoka kwenye gari la umri uleule, ina kapasita za kiwanda kilekile, na imekaa stoo bila kujaribiwa. Unalipa bei ya paneli, unalipa mzigo wa basi, na unapokea ugonjwa uleule ukiwa hatua chache nyuma. Mimi huwaambia wateja wanunue ya mtumba kwa sababu mbili tu: kioo cha namba kimekufa, au bodi imeliwa kiasi cha kutotibika. Hata hapo, ibadilishwe kapasita kabla haijafungwa kwenye gari.

Namba ya spea iliyoandikwa nyuma nayo ilingane yote. Paneli mbili zinaweza kufanana sura na soketi, kumbe moja ni ya gari lenye vihisi tofauti.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto na ncha nyembamba, ukiweke kati ya nyuzi 320 na 350. Risasi ya 63/37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, pamoja na fluksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) na utepe wa shaba wa kunyonya risasi. Kibanio chembamba, koleo kali la kukatia, mswaki laini, multimita, na lenzi ya kukuzia. Chuma kile kikubwa cha kulehemu sufuria na redieta kiache nyumbani kabisa.

Fundi wa TV na redio anaweza kazi hii?

Anaweza, na kwa kawaida ataifanya vizuri kuliko fundi umeme wa magari ambaye hajazoea vitu vidogo. Mpelekee paneli ikiwa imeshatolewa, na mwambie mapema kwamba bodi inahitaji kuoshwa, asiishie kubadilisha tu. Kutoa na kurudisha mwachie anayejua dashibodi.

Naitoaje bila kuvunja dashibodi wala kuamsha airbag?

Zima swichi, ng’oa waya wa hasi wa betri, kisha subiri. Toyota wanaelekeza si chini ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na airbag, kwa sababu mfumo wake una akiba ya umeme. Soketi na waya za rangi ya njano usizichomoe wala kuzipima kwa mita.

Fremu ya plastiki ya magari haya imekauka kwa jua na inavunjika kama umeifungua kwa hasira. Tumia kipande cha plastiki badala ya bisibisi, na uifanye gari likiwa na joto kidogo. Plastiki ya asubuhi ya baridi haina uvumilivu. Piga picha za soketi zote kabla ya kuchomoa. Ujue pia kuwa redio itasahau stesheni, na nyingine itadai namba ya siri, basi itafute kabla.

Nasomaje kapasita iliyopo?

Juu ya kikopo kidogo kuna nusu duara nyeusi: huo ni upande wa hasi. Kwenye kapasita za miguu mirefu, mstari ubavuni ndio hasi. Kwenye zile za tantalamu, za mraba na rangi ya njano au nyeusi, mstari unaonyesha chanya, na hapo ndipo wengi huziweka kinyume.

Namba ya juu ni mikrofaradi, ya chini ni volti. Wakati mwingine volti huandikwa kwa herufi: J ni 6.3, A ni 10, C ni 16, E ni 25, V ni 35, H ni 50. Kwa hiyo “47” na “C” ni mikrofaradi 47, volti 16. Andika kila moja kwenye karatasi yenye mchoro wa bodi, pamoja na upande wa hasi ulivyoelekea. Usiamini kumbukumbu, na usiamini alama iliyochapwa kwenye bodi peke yake.

Duka halina ya volti ileile. Niweke ipi?

Volti ya juu zaidi inakubalika kama kikopo kinaenea. Volti ya chini, kamwe. Kwenye njia inayopokea umeme wa betri moja kwa moja napendelea 35 hata kama ya kiwanda ilikuwa 16 au 25, kwa sababu ya mishtuko ya oltaneta. Chagua iliyoandikwa 105°C. Ile ya 85°C ni ya redio ya sebuleni.

Mikrofaradi ziwe zilezile. Kwenye kapasita ya kutuliza umeme, kupanda kidogo, mfano 47 kutoka 39, hakuleti neno. Lakini nyingine kwenye bodi hupima muda, mfano ile inayochelewesha kichwa cha paneli kuamka hadi umeme utulie. Hiyo ukiibadilisha thamani, paneli itaamka vibaya na utahangaika kutafuta kosa mahali pengine.

Naweza kung’oa kutoka kwenye redio au TV mbovu?

Swali la kila fundi wa huku, maana spea iko mbali. Kutoka kwenye redio ya zamani, hapana: unabadilisha mzee kwa mzee. Kutoka kwenye bodi ya kifaa cha karibuni, ikiwa ni ya 105°C na kipimo cha ESR kimeipitisha, inaweza kuokoa safari ya mtu anayesubiri. Mteja aambiwe. Kapasita mpya yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Gharama ya kazi hii iko kwenye mkono na muda.

Na mpya nazo zipimwe. Zipo zinazouzwa zikiwa na maandishi makubwa na uwezo nusu. Kapasita hizi zinaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20, basi ya 100 ikisoma 85 ni sawa, ikisoma 45 irudishe dukani.

Nazing’oaje bila kubandua shaba?

Ongeza fluksi na risasi mpya kidogo kwenye kila mguu kwanza. Risasi iliyoguswa na majimaji haiyeyuki vizuri, na fundi anayeishinikiza kwa joto zaidi ndiye anayebandua shaba. Ukiwa na vyuma viwili, pasha miguu yote miwili kwa pamoja na uinue bila kuvuta. Ukiwa na kimoja, kata kikopo taratibu kwa koleo juu ya kitako cha plastiki, ondoa kitako, kisha yeyusha mguu mmoja mmoja.

Wapo wanaosokota kikopo hadi kikatike. Kwenye bodi safi hufaulu. Kwenye bodi iliyovujiwa, gundi ya shaba imeshalegea, na mara nyingi utaondoka na kikopo na njia yake pamoja. Kipuliza hewa ya moto nacho sikipendi hapa: kikopo kikizidiwa hupasuka, na plastiki ya vitufe iliyo jirani hujikunja.

Kapasita mpya zimeingia. Kuna haja ya kuosha bodi?

Kuliko haja ya kapasita zenyewe, karibu niseme. Majimaji yaliyobaki yanapitisha umeme na yanaendelea kula shaba chini ya kapasita mpya. Paneli nyingi zinazorudi baada ya miezi michache ni hizi: kapasita nzuri, juu ya uchafu wa zamani.

Osha kapasita za zamani zikiwa zimetoka na mpya hazijaingia. Kwanza ondoa kioo cha namba, au kama hakitoki, kikinge kwa plastiki na utepe. Majimaji haya ni ya upande wa alkali, hivyo siki nyeupe kidogo kwenye mswaki huyatuliza. Sugua sehemu iliyoathirika tu. Suuza siki yote kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, na soma chupa vizuri kwa sababu duka lilelile huuza na tindikali ya betri. Malizia kwa spiriti ya isopropili, inayobeba maji yaliyobaki. Spiriti ya kusafishia vidonda huwa na maji mengi, na nyingine ina mafuta.

Kisha kausha kwa subira. Kivulini penye upepo hadi kesho yake inatosha. Msimu wa mvua iweke karibu na joto la balbu. Usiiwashe ikiwa na unyevu chini ya vijidude vya bodi.

Njia ya shaba imeliwa. Bodi imekufa?

Bado. Weka multimita kwenye mlio na ufuate kila njia iliyopita chini ya kapasita, kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Iliyokatika, kwangua rangi ya kijani pande zote mbili hadi uone shaba inayong’aa, ipake risasi, kisha unganisha kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya mwembamba. Gandisha uzi huo usicheze.

Angalia hasa vitundu vinavyovusha umeme kutoka upande mmoja wa bodi kwenda mwingine. Vinakatika ndani, kwa nje vinaonekana vizima. Nyingi za bodi zilizotangazwa kufa zilikuwa na kitundu kimoja cha namna hii.

Nina kapasita za miguu mirefu tu. Zitafaa?

Zitafaa kama utailaza na kifuniko cha nyuma kikafunga bila kuibana. Fupisha miguu, ivike mpira wa kuzuia shoti, na ubandike kikopo kwenye bodi kwa silikoni, kwa sababu mtikisiko wa barabara utaikata miguu mitupu. Silikoni inayonuka siki usiitumie. Inapokauka hutoa asidi, na utakuwa umeirudishia bodi ugonjwa uliotoka kuuosha. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Naijaribuje kabla ya kuirudisha garini?

Pima kwanza kati ya chanya na hasi ya bodi kwa mlio. Mlio mfupi halafu kimya ni kapasita zinajaa. Mlio usiokoma ni shoti, acha hapo. Ukiwa na uhakika wa waya wa umeme na wa ardhi kutoka kwenye mchoro wa gari, iwashe kwa betri ya volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 1. Pima volti 5 kwenye mguu wa kutokea wa regyuleta, kijidude kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 5. Geuza mita kwenye umeme wa AC na upime palepale: kwenye bodi yenye kapasita nzima itasoma karibu na sifuri.

Usishangae ikionyesha hitilafu za vihisi, maana hakuna kihisi kilichounganishwa. Unachotafuta ni namba kamili na vitufe vinavyoitika.

## Visa vigumu

Nimebadilisha zote, nimeosha, na bado.

Rudi kwenye regyuleta: volti 5 zipo? Zisipokuwepo, fuata umeme kutoka soketi, diodi ya kuingilia, hadi hapo. Zikiwepo, lehemu upya viungo vya soketi kubwa ya nyuma na vya transista. Miaka ya mtikisiko hupasua risasi kwa duara dogo kuzunguka mguu, linaloonekana kwa lenzi tu.

Kama paneli sasa ni nzima ila joto la ndani halishikiki, AC inapooza kupita kiasi au inaacha mapema, tafuta kitundu kidogo chenye wavu kwenye dashibodi. Ndani yake kuna kihisi kinachovutiwa hewa ya ndani. Vumbi la Tabora hukivika blanketi, kikawa kinasoma joto la jana. Kisafishe kwa brashi na hakikisha bomba lake la kuvutia hewa halijachomoka.

Kioo cha namba kina doa jeusi linalokua.

Kioo kimevuja ndani au kimepasuka. Kapasita haihusiki. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya halali ya kutafuta paneli ya mtumba, kama nilivyosema kwenye swali la Kariakoo.

Mistari fulani ya namba imekosekana, mingine mizima.

Mara nyingi ni utepe au mpira unaounganisha kioo na bodi. Kama ni mpira, usafishe kwa isopropili pande zote pamoja na shaba ambayo mpira unaikalia, urudishe kwa kukaza sawasawa. Kama ni utepe uliobandikwa kwa joto, usiuguse kwa chuma cha kulehemu; unayeyuka kabla hujajua.

Paneli iliharibika baada ya mvua, siyo baridi.

Mvua za kuanzia Novemba zikikuta mpira wa kioo cha mbele umechoka, maji hushuka nyuma ya dashibodi hadi kwenye soketi. Alama zake ni kutu ya kijani kwenye meno ya soketi na mstari wa matope kwenye bodi. Uoshaji ni uleule, lakini siki haina kazi kubwa hapa. Ziba kwanza yanakoingilia maji.

Kwa nini nisiweke tantalamu au seramiki, zisivuje tena maisha?

Seramiki hazivuji kweli, lakini uwezo wake hupungua ukiipa volti, na baadhi ya regyuleta hukosa utulivu zinapounganishwa nayo kwa sababu upinzani wake wa ndani ni mdogo mno. Tantalamu ikizidiwa volti hufanya shoti na kuwaka. Ukiitumia, iwe na volti mara mbili au zaidi ya zile itakazokutana nazo. Kwa njia ya betri, mimi hubaki na alumini ya 105°C.

Umeme umekatika nikiwa katikati ya kulehemu. Nitumie invata?

Tumia, kama inabeba chuma chako bila kulia. Ila usilehemu bodi ikiwa bado imeunganishwa na betri ya gari, hata kama unaona inakuokolea muda.

Kama kapasita za paneli zimevuja, za kompyuta ya injini je?

Swali zuri. Kama gari ni la miaka hiyo, kompyuta ya injini nayo inaweza kuwa na kapasita za kizazi kilekile. Mitsubishi Eclipse za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana sana kwa hilo. Injini inayokosakosa asubuhi na kutulia ikipata moto, huku plagi na mafuta viko sawa, inastahili kufunguliwa kompyuta na kutazamwa tu. Utaratibu wa kung’oa na kuosha ni uleule, lakini bodi ya injini ikikosewa gari halitoki lilipo, kwa hiyo asiijaribu anayejifunza.

Nina Fuso, umeme wake ni volti 24. Kapasita zilezile?

Kanuni zilezile, volti tofauti. Oltaneta yake ikiwa kazini hutoa karibu volti 28, hivyo kwenye njia ya betri weka za 50, na betri ya majaribio iwe ya 24. Kapasita zilizo baada ya regyuleta ya volti 5 zinabaki kama kiwanda kilivyoweka.